Mwalimu na Kitabu Alichokisoma

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Samweli 12:1–13, Nehemia 8:1–8, Matendo 8:26–39.



Somo letu la safari hii linawahusu walimu, lakini mtu asigeuze ukurasa akisema, "Mimi si mwalimu." Mzazi ni mwalimu nyumbani kwake. Katekista ni mwalimu. Mama anayewatayarisha vijana kwa Kipaimara ni mwalimu. Hata mtoto wa darasa la nne anayemsomea bibi yake barua ni mwalimu kwa saa ile. Swali ninalotaka tuliangalie pamoja ni hili: mtu akisimama mbele ya wenziwe kueleza kitabu alichokisoma, yampasa aeleze nini?

Nitasimulia kwanza jinsi swali hili lilivyonijia, maana sikulitafuta. Niliulizwa mbele ya watu.

JIONI ZA WALIMU

Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, Padre wetu aliwaomba walimu wa mtaa wakutane kila Jumatano baada ya Sala ya Jioni. Kila mara mmoja wetu alitakiwa kusimulia kitabu kimoja alichowahi kukisoma, kiwe cha dini au kisiwe. Alitupa robo saa kila mmoja, na Wakristo wengine walikaribishwa kuja kusikiliza.

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kwa umri katika walimu, nilipewa zamu ya kwanza. Nilichagua riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1958, ambayo sisi tuliipata kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, katika tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. Nilijitayarisha kama nilivyozoea miaka yote ya kazi yangu. Nilieleza kwamba mwandishi alizaliwa Ogidi mwaka 1930, na kwamba baba yake alikuwa katekista wa Kanisa letu la Kianglikana, akifanya kazi pamoja na wamisionari wa C.M.S. Nikaeleza wahusika mmoja mmoja, nikataja mafunzo ya kitabu, nikahesabu sababu za kuanguka kwa Okonkwo. Watu walisikiliza kwa adabu. Nilipokwisha nilifunga daftari langu nikauliza kama kuna swali.

Bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye umri wake umepita miaka themanini, aliinua mkono. Akasema, "Ahsante, Mwalimu. Kitabu tumekisikia. Wewe hatujakusikia."

Nikamwuliza ana maana gani. Akajibu, "Umetuambia yule baba alimfanyia nini mwanawe. Sasa wewe, uliposoma hayo, ulifanyaje?"

Nilisema kwamba muda umekwisha. Jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulitoa. Padre akafunga kwa sala, tukaenda zetu. Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na Jumatano iliyofuata nilimwomba Padre anirudishie dakika tano.

NILICHOKIFICHA MARA YA KWANZA

Kwa wale ambao hawajakisoma kitabu chenyewe, habari yake kwa ufupi ni hii. Okonkwo ni mtu mwenye nguvu na sifa katika kijiji chake, lakini ndani yake anatawaliwa na hofu moja: asije akaonekana dhaifu kama baba yake Unoka, aliyekufa na madeni. Hofu hiyo anaiingiza nyumbani. Mwanawe Nwoye anapenda hadithi za mama yake, lakini baba anataka akae na wanaume asikie habari za vita. Katika nyumba hiyo analetwa mtoto wa kijiji kingine, Ikemefuna, kuwa fidia ya mtu aliyeuawa. Anakaa miaka mitatu, anakuwa kama kaka wa Nwoye, naye anamwita Okonkwo baba. Kisha inaamriwa auawe. Mzee mmoja anamwonya Okonkwo asitie mkono wake katika jambo hilo, kwa kuwa mtoto anamwita baba. Okonkwo anakwenda, tena anampiga kwa panga lake mwenyewe, akiogopa wenzake watamwona mnyonge. Nwoye anatambua bila kuambiwa. Miaka kadhaa baadaye Wakristo wanapofika, Nwoye anawafuata. Na rafiki wa baba yake anapomkuta miongoni mwao na kumwuliza hali ya baba yake, kijana anajibu kwamba yule si baba yake.

Kitabu hiki nilikuwa nimekifundisha kwa miaka kadhaa kabla ya kukisoma chote. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na maelezo niliyoyanakili kwa mwalimu mwenzangu, na maelezo hayo yalitosha kwa kutunga maswali na kusahihisha majibu. Mwaka 1991 tu ndipo nilipokitoa katika kabati la shule nikakisoma tangu mwanzo, usiku, kwa taa ya chemli. Nilipofika mahali pale Nwoye anapomkana baba yake, nilikifunga.

Maana mimi nilikuwa na mwana, mzaliwa wangu wa kwanza, aliyekuwa ameondoka nyumbani miaka miwili kabla ya usiku ule. Nilimpiga mara nyingi kwa sababu ya alama zake za hesabu. Sikuwa mlevi wala sikuwa mtu wa hasira kwa wengine. Nilimpiga kwa kuogopa watu watasema kwamba mtoto wa mwalimu ni mjinga. Alipokosa nafasi ya kuendelea baada ya darasa la saba, nilisema mbele ya wageni kwamba mimi sina mwana pale. Kesho yake hakuwapo. Baadaye nilisikia kwamba yuko Dar es Salaam akisukuma mkokoteni, nami nikakataza jina lake lisitajwe wakati wa chakula. Mama yake alikuwa akilitaja jikoni.

Kwa miaka ile yote nilikuwa nimewapa wanafunzi alama nzuri kwa kuandika kwamba Okonkwo aliharibiwa na hofu yake. Jibu nililijua kwa moyo.

Usiku ule niliandika barua. Niliianza mara tano nikaichana. Mwishowe niliipeleka kwa mkono wa jirani aliyekuwa akienda Kariakoo kununua bidhaa. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari sita tu, na barua hiyo ninayo mpaka leo. Yeye mwenyewe alikuja baada ya mwaka mwingine, mama yake alipougua. Haikuwa kama katika Luka 15, ambako baba alikwenda mbio. Alisema, "Shikamoo, Baba," nikaitikia, tukala chakula. Kazi ya kupatana ilichukua miaka mingi, na iko sehemu yake ambayo bado haijakwisha.

Hayo ndiyo niliyoyasema katika zile dakika tano. Yule Bibi alisema, "Sasa tumekusikia," akanyamaza. Tulipotoka, baba mmoja wa mtaa wetu alinisubiri gizani penye mwembe. Aliniuliza kama ningeweza kumwonyesha jinsi nilivyoianza ile barua.

DAUDI ALIELEWA HADITHI

Sasa tufungue 2 Samweli 12. Nabii Nathani anakwenda kwa Mfalme Daudi na kumsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu aliyemlea kama binti yake. Mgeni anapofika, tajiri anamchukua yule mwanakondoo wa maskini.

Angalieni kwamba Daudi alielewa vizuri sana. Alimtambua mkosaji, akaona huruma kwa aliyeonewa, akakasirika kwa haki, akatoa hukumu pamoja na hesabu ya malipo. Kama ungekuwa mtihani, Daudi angepata alama zote. Hata hivyo alikuwa hajasikia neno, kwa maana alidhani habari hiyo ni ya mtu mwingine. Ikambidi Nathani amwambie waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye.

Sisi walimu tumo katika hatari hiyo kuliko watu wengine wote. Kazi yetu inatuzoeza kutoa hukumu juu ya watu waliomo vitabuni, tena inatulipa mshahara kwa kufanya hivyo. Hata walimu wa Shule ya Jumapili hawakuepuka. Ni rahisi kuwafundisha watoto habari za Petro kumkana Bwana mara tatu, tukaikamilisha vizuri, tukaimba, tukaenda nyumbani, bila hata mara moja kumkumbuka yule tuliyemkana sisi.

MWALIMU WA THAGASTE

Jambo hili lilimpata mwalimu mkubwa kuliko sisi. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo umo katika nchi ya Algeria. Alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, tena mwalimu kwa kazi yake: alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, kisha Roma, kisha Milano. Kitabu chake kiitwacho Maungamo, alichoanza kukiandika karibu na mwaka 397 akiwa Askofu wa Hippo, kina mahali pengi anapoeleza vitabu alivyovisoma na jinsi vilivyomgusa.

Anakiri kwamba alipokuwa mwanafunzi alilia machozi kwa ajili ya Dido, malkia wa hadithi ya mshairi Virgil, aliyekufa kwa mapenzi. Na wakati ule ule hakulia hata chozi moja kwa hali ya roho yake mwenyewe iliyokuwa mbali na Mungu. Anaeleza kwamba alipokuwa na miaka kumi na tisa alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kitabu cha mtu asiye Mkristo, nacho kikageuza tamaa zake zikaanza kuitafuta hekima. Tena anasimulia siku ile ya mwaka 386, bustanini huko Milano, aliposikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza asome, akafungua Waraka kwa Warumi, na macho yake yakaangukia sura ya 13. Pasaka ya mwaka uliofuata akabatizwa na Askofu Ambrose.

Augustino angeweza kutuandikia maelezo ya vitabu hivyo tu, kwani ujuzi alikuwa nao. Alichagua kutuambia vilimkuta wapi na vikamwacha wapi. Kwa sababu hiyo watu wanamsoma mpaka leo, zaidi ya miaka 1,600 baadaye.

WALIMU WENGINE WATATU

Baada ya zamu yangu walifuata wengine, nami nitaeleza watatu kwa ruhusa yao, bila kuwataja majina.

Wa kwanza ni mzee mwenzangu ambaye ujana wake alifundisha Kisomo cha Watu Wazima. Alileta kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wazee wanaikumbuka: vikundi vya watu vilikutana vijijini, vikasikiliza Radio Tanzania, vikasoma kijitabu na kujadiliana habari za malaria, minyoo, kuhara na maji safi. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi. Alisema, "Niliwasomea watu habari za choo kwa sauti kubwa. Kumbe nyumbani kwangu sikuwa na choo cha maana, kilikuwa shimo na matawi ya mnazi. Mama mmoja akaniuliza mbele ya kikundi, 'Mwalimu, na chako kina kina cha futi ngapi?' Jioni ile ile niliazima sururu." Watu walicheka sana, na yule Bibi wa themanini akacheka kuliko wote, kwani ndiye aliyeuliza. Alijifunza kusoma katika darasa lake.

Wa pili ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi, bado kijana. Alileta Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kitabu kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Anasimulia jinsi watu walivyokamatwa bara, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa majahazini, kisha baadhi yao wakaokolewa na manowari za Kiingereza na kufanyiwa makao Frere Town, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na C.M.S. mwaka 1875.

Mwalimu huyu alisema kwamba utotoni alipomwuliza bibi yake, "Kabila letu ni lipi?" alijibiwa, "Sisi ni watu wa Misioni," na mazungumzo yakaishia hapo. Aliposoma kitabu hiki ndipo alipofahamu kile bibi alichokuwa akikifunika. Alitukumbusha kwamba wanafunzi wa kwanza wa Askofu Tozer kule Unguja mwaka 1864 walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na kwamba Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Akasema, "Kanisa letu lilianza na watu kama babu yangu. Kwa nini nyumbani tulikuwa tukinong'ona?"

Lakini hakukisifu kitabu chote. Alisema kwamba Mbotela anawashukuru Waingereza kiasi kwamba msomaji aweza kudhani watumwa walikaa tu wakisubiri kuokolewa. Yeye alitaka asikie zaidi habari za watoro waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe na kujenga makao yao, kama wale wa Fuladoyo. Alipokaa palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja wa kanisa, aliyeketi nyuma kabisa, akasema, "Hata sisi." Na mwingine akasema hivyo hivyo.

Wa tatu ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, ambaye kazi yake ni kushona nguo. Alileta Safari ya Msafiri cha John Bunyan. Padre alitueleza kwanza kwamba Bunyan alifungwa gerezani karibu miaka kumi na miwili tangu mwaka 1660 kwa kuhubiri nje ya taratibu za Kanisa la Uingereza, na kwamba kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Akasema, "Kanisa letu lilikuwa upande wa waliomfunga. Siku hizi Kanisa lile lile la Uingereza linamkumbuka katika kalenda yake tarehe 30 Agosti. Tusome kwa unyenyekevu."

Fundi wetu alichagua mahali pamoja tu: pale Mkristo na mwenzake wanapofungwa katika ngome ya jitu Kukata Tamaa, na baada ya mateso mengi Mkristo anakumbuka kwamba kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi, nao unafungua milango yote. Fundi alimzika mkewe mwaka juzi. Alisema, "Zamani niliwafundisha watoto sehemu hii kwa furaha. Baada ya msiba niliisoma tena nikakasirika. Niliona mwandishi ameufanya ufunguo uwe rahisi kupatikana. Kisha nikakumbuka kwamba aliyeandika ni mtu aliyekaa gerezani miaka mingi, basi hasira ikapungua kidogo. Sijaja kuwaambia kwamba nimeupata. Nimekuja kuwaambia bado napapasa kifuani." Hakuna aliyejaribu kumjibu. Tulisimama tukaomba pamoja naye, na tangu siku ile pana watu wawili wanaopita kibandani kwake kila Jumatatu kumwamkia.

MAMBO TULIYOJIFUNZA

Kutokana na jioni zile, nayaweka hapa mambo matano.

1. Mwalimu akisome kitabu mwenyewe, tena chote. Maelezo ya kunakili yanatosha kufaulisha mtihani, lakini hayawezi kumgusa mtu. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliomba aletewe vitabu vyake (2 Timotheo 4:13). Hakuomba aletewe habari za vitabu.

2. Kitabu kielezwe kwanza kwa haki. Katika Nehemia 8 Ezra na Walawi walisoma kwa sauti na kuwapa watu maana, hata wakafahamu. Ndipo watu wakalia. Filipo naye alimweleza yule Mhabeshi maana ya Isaya kabla ya habari ya maji. Mtu anayekimbilia kusema habari zake mwenyewe kabla hatujajua kitabu kinasema nini, huyo naye hajasoma. Bibi aliponiuliza swali lake, kitabu alikuwa amekwisha kukisikia.

3. Achague mahali pamoja, aseme pale palimfanyia nini. Asijaribu kumaliza sura zote. Akisema kwamba kitabu kilimshinda, au kilimkasirisha, au hakubaliani na mwandishi, tusimkatize. Kukataa jambo moja katika kitabu kwa sababu za kweli ni heshima kwa kitabu.

4. Aungame ya kwake tu. Siri ya mke, mume, mtoto au jirani si mali ya msemaji. Kabla sijaandika somo hili nilimpigia simu mwanangu nikamsomea yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika, Baba. Lakini andika pia kwamba hesabu sasa naziweza." Ana duka lake, na hesabu zake ni safi kuliko zangu.

5. Wasikilizaji wasihukumu, wala wasiyachukue maneno kwenda nayo sokoni. Mtu akisema jambo zito, kwanza tukae kimya, kisha tuombe. Shauri lingoje mpaka liombwe.

JINSI YA KUFANYA KATIKA MTAA WENU

Hakuna gharama. Patikane mahali pa kukaa, taa, na mtu mmoja wa kusimamia saa. Zamu moja kwa mwezi yatosha. Robo saa kwa msemaji, robo saa kwa maswali, kisha sala. Kama vitabu ni haba, kitabu kimoja kizunguke nyumba kwa nyumba, na jina la aliyenacho liandikwe ubaoni ili kisipotee. Kwa wale wasiojua kusoma, au ambao macho yamechoka, sehemu iliyochaguliwa isomwe kwa sauti. Wao pia wapewe zamu: wako wengi waliosomewa kitabu kimoja utotoni nao wanakikumbuka kuliko sisi tunavyovikumbuka kumi.

Msiwaache walimu wa shule peke yao. Muuguzi anasoma, fundi anasoma, mkulima anasoma. Na vijana waje, hata kama wanasoma katika simu zao. Yatosha wasome kweli na waje kutueleza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Someni tena 2 Samweli 12:1–7. Ni kitu gani kilichomfanya Daudi asijitambue katika hadithi? Je, sisi tunazuiwa na nini?

2. Kila mtu ataje kitabu kimoja kilichowahi kumgusa. Ni mahali gani hasa? Baada ya kusoma, alifanya jambo gani ambalo asingelifanya?

3. Augustino aligeuzwa mwelekeo na kitabu cha mtu asiye Mkristo. Tunafikiri nini juu ya jambo hilo? Je, Mungu amewahi kukufundisha kwa kitabu ambacho hukukitazamia?

4. Je, mwalimu akiwaambia wanafunzi kosa lake, heshima yake inapungua au inaongezeka? Toeni sababu, na mfano kama mnao.

5. Katika nyumba yenu, ni jina gani lisilotajwa wakati wa chakula? Swali hili lisijibiwe mbele ya watu. Kila mmoja aende nalo nyumbani.

SALA

Ee Bwana, uliyemtuma Nathani kwa Daudi na Filipo kwa yule msafiri wa Kihabeshi, utuangalie sisi tunaofundisha. Utusamehe pale tulipowahukumu watu wa vitabuni tukajisahau wenyewe. Utupe macho ya kusoma, kinywa cha kusema kweli, na masikio ya kusikiliza bila kuhukumu. Uwarudishe wana kwa baba zao, na baba kwa wana wao. Na wale wanaopapasa bado kifuani, uwashike mkono. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.